Isale kwa Njia ya Posta

Mke wangu aliondoka Moshi kwenda kusomea ugonjwa wa nyanya zangu. Hivyo ndivyo nilivyowajibu watu sokoni walipouliza, na ilikaribia kuwa kweli. Yeye alikuwa mtafiti wa mimea kwenye kituo cha kilimo. Mimi nilinunua nyanya mashambani nikaziuza mjini. Tulikutana kwenye shamba la mtu huko njia ya Sanya Juu, shamba ambalo lilikuwa limekufa lote. Yeye alikuja kuchuma majani yaliyojikunja na kuyatia kwenye mfuko wa karatasi. Mimi nilikuja kuona kama kuna matenga mawili matatu ya kuokoa. Nilihesabu mara mbili, kama kawaida yangu. Hata tenga moja halikujaa. Tukapewa lifti na lori moja hadi Bomang'ombe. Pale nikanunua ndizi za kuchoma za watu wawili, akataka alipe zake, nikakataa, akashikilia, tukavutana mpaka mama muuza ndizi akatuambia twende tukagombane kwetu. Mwaka uliofuata tukamtii.

Ilikuwa miaka ya ruksa. Mitumba iliruhusiwa, maduka ya dawa za mimea yaliruhusiwa, na bei ya kahawa nayo iliruhusiwa kuanguka. Watu wa chini ya mlima wenye zamu ya maji kwenye mfereji waliipa kahawa mgongo wakapanda nyanya. Mimi pia nilikodi kipande huko tambarare, nikajiona nimekuwa mkulima. Kisha ikaja rasta.

Rasta ni jina ambalo wakulima wenyewe waliupa ugonjwa huo. Majani ya juu yanajikunja, kingo zinakuwa za manjano, kichwa cha mche kinasongamana kama nywele ambazo hazijaona kitana, maua yanapukutika. Wanaouleta ni nzi weupe, wadogo kuliko punje ya ulezi. Ukitikisa mche wanaruka kama majivu. Sote tulipuliza dawa. Ya duka hili isipofaa, unakwenda duka la pili unanunua ileile yenye karatasi ya rangi nyingine. Mimi nilipuliza mpaka ikawa kama nawaogesha.

"Hata ukiwaua wote leo," mke wangu aliniambia, amesimama katikati ya mistari kashika kiuno, "kirusi kimeshaingia ndani ya mmea. Kikishaingia hakitoki."

"Sasa nifanye nini?"

"Ng'oa, choma."

"Na cha pili?"

"Cha pili ni kupata mche unaokataa kirusi wenyewe."

"Unauzwa wapi?"

"Hauuzwi, bwana. Haujatengenezwa."

Alipopata nafasi ya kwenda Ulaya kusomea utengenezaji huo, alinipa habari tukiwa tunakula. Alisema miaka mitatu. Nikamwomba miwili. Akasema hapa si sokoni. Nikasema kila mahali ni sokoni. Akacheka, akainama kwenye sahani, na alipoinua uso tena alikuwa hacheki.

"Tufanye hivi," akasema. "Siku mmea wangu ukikataa kirusi, kazi yangu imekwisha. Narudi hata kama miaka haijatimia."

Yalikuwa mapatano mazuri. Nilimpeleka uwanja wa ndege nikarudi mjini nikiwa mtu wa ajabu: mume anayeiombea nyanya ya Ulaya afya njema.

Hatukuwa na mtoto. Chumba chetu kule Majengo kilikuwa na meza, kitanda, jiko la mafuta ya taa na viti viwili, na kile kiti cha pili kilianza kubeba nguo. Sikuwa najua kupika chakula cha mtu mmoja. Kila nikipika kilibaki, nikala kilichobaki asubuhi, mchana nikanunua mihogo kwa sababu sokoni kulikuwa na watu wa kula nao. Nilianza kuchelewa kutoka sokoni. Nilisubiri wafagiaji waje, nikawapisha hapa, nikawapisha pale, mpaka mmoja akaniuliza kama nimepoteza kitu. Jumapili nilipanda Kibosho kwa mama yangu, ambaye aliniangalia mikono kama vile huenda nimemficha mkwe wake nyuma ya mgongo.

Jirani yangu wa meza pale sokoni alikuwa mama mmoja muuza vitunguu, mwenye sauti ya kufika hadi stendi.

"Mangi! Shemeji bado anachanja nyanya?"

"Bado."

"Na wewe nani anakuchanja?"

Meza zote zikacheka. Nami nikacheka, maana mchuuzi asiyecheka anaondokewa na wateja.

Jumamosi moja moja mke wangu alipiga simu kwenye duka la rafiki yangu mjini, nami nilikuwa nimekwisha kaa pale mapema kama mgonjwa anayesubiri daktari. Alinieleza kazi yake kwa lugha ya biashara ili nisisinzie. Wanachukua kipande kidogo cha urithi wa kirusi chenyewe, kipande kisichoweza kuumiza, na wanataka kukiingiza ndani ya chembe hai ya nyanya.

"Kinapitaje?" nikauliza.

"Kuna bakteria wa ardhini. Yeye kwa asili yake anajua kupenyeza vitu vyake ndani ya mimea. Tunamwondolea mzigo wake mbaya, tunambebesha wetu."

"Huyo namfahamu. Yuko Holili, mpakani na Kenya. Anapita njia za panya na sukari."

"Huyohuyo. Kisha kile kipande cha jani tunakilea kwenye chupa mpaka kiote mizizi, kiwe mche mzima. Na kila chembe ya mche huo ina kile kipande ndani."

"Halafu?"

"Halafu kirusi cha kweli kikija, mmea unakuwa umeshaijua sura yake. Unakikata kabla hakijazaana."

"Kama wale walinzi wa sokoni wenye picha ya mwizi."

"Kama hao. Tofauti ni kwamba wa kwangu hawali rushwa." Kisha akaongeza: "Ila kwa nini hasa inafanya kazi, bado tunabishana. Wengine mimea yao ina picha na bado inaibiwa."

Nilipenda sana hilo neno "wa kwangu". Lilinichoma pia. Alilisema kama mama wa kihamba, shamba la nyumbani huku mlimani, anavyosema migomba yangu.

Siku alipopiga kusema kwamba baadhi ya miche imekataa, sauti yake ilikuwa juu. Walikuwa wameifungia pamoja na nzi wenye ugonjwa ndani ya nyumba ya vioo. Mingi ilijikunja. Michache ikasimama, majani yamenyooka, kama haikusikia habari.

"Umeihesabu mara mbili?"

"Mara tatu. Nilikukumbuka."

Nilirudi sokoni nikawatangazia wote. Mama wa vitunguu akapiga kigelegele cha dhihaka, lakini kigelegele ni kigelegele. Nikaziondoa nguo kwenye kile kiti. Nikanunua godoro jipya, nikabishana bei mpaka muuzaji akanipa kwa hasira.

Simu iliyofuata akasema lazima waone watoto wa miche ile, kama mbegu zake nazo zitarithi. Zikarithi baadhi. Iliyofuata tena, wajukuu. Kisha akaja na habari kwamba kirusi cha nyanya si kimoja, kina ndugu, na ndugu wa Afrika Mashariki hakufanana vizuri na yule waliyempiga picha. Ikabidi kuanza tena na kipande kingine. Ile miaka mitatu ikatimia na kupita.

Mimi nimekaa kwenye biashara tangu nikiwa na kaptula. Mtu asiyetaka kuuza namjua. Hakuambii kwamba hauzi. Anaongeza sharti, halafu sharti lingine, anaangalia pembeni, anasubiri uchoke uondoke mwenyewe ili lawama iwe yako. Sikusema mke wangu ni wa hivyo. Ila mlio ule niliutambua.

Ndipo mama yangu alipoleta habari ya isale.

Kwa asiyejua: isale ni mmea wa majani marefu membamba, unaopandwa kwenye mipaka ya vihamba huku kwetu. Lakini jani lake ni zaidi ya alama ya mpaka. Ukimkosea mtu, au mkeo akiondoka kwa hasira akarudi kwao, unachuma jani moja, unalifunga fundo, mzee mmoja analipeleka. Anayeletewa isale hakatai. Anaweza kununa, anaweza kuuliza maswali, lakini hakatai.

"Mke akienda kwao unapeleka isale," mama alisema, akimenya ndizi.

"Huyu hakwenda kwao, mama. Amekwenda maabara."

"Hiyo maabara haina wenyewe?"

"Inao. Wengi."

"Basi isale linapelekwa kwa wenyewe, wale anaokaa kwao. Hupeleki kwa mwanamke kichochoroni kama barua ya kijana. Mtu mzima wewe."

"Na mzee wa kulipeleka?"

"Posta si ina wazee?"

Ningeweza kubisha. Sikubisha kwa sababu nilitaka iwe kweli. Nilikwenda kwenye mpaka wa kihamba, nikachagua jani lisilo na doa, nikalifunga fundo, na kwa kuwa desturi inataka lipelekwe kwa wenyeji, sikuandika anwani ya chumba alichopanga. Niliandika anwani ya maabara yenyewe, kwa mkuu wake, na chini yake jina la mke wangu. Maneno sikuweka. Isale halihitaji maelezo. Dada wa posta aliibonyeza bahasha akauliza kuna nini, nikasema salamu, akasema mbona salamu ina uti wa mgongo. Akaigonga muhuri.

Mwenye akili yake ameshaona nilichofanya. Nilikuwa nimechuma jani bichi kutoka mlimani, penye nyanya zenye kirusi, penye nzi weupe, likiwa na udongo kidogo kwenye shina, nikalituma bila hata neno moja kwenye nyumba ambayo kazi yake yote ni kuzuia kirusi kisiingie wala kisitoke.

Alipopiga simu hakusalimia.

"Ulituma nini?"

"Limefika?"

"Nakuuliza ulituma nini!"

"Unajua nilichotuma."

Nikasikia akivuta pumzi. Alinieleza taratibu, kama mtu anayesoma hukumu. Bahasha ilifunguliwa na karani wa ofisi. Karani alipoona jani, alilirudisha kwenye bahasha akafunga mlango. Wakaja watu na glavu. Jani likatiwa mfuko, mfuko ukatiwa kwenye jiko la mvuke, kilichobaki kikachomwa. Kisha wakamwita yeye. Huu ni mmea gani? Una ugonjwa gani? Nani amekuagizia? Kwa nini fundo? Wakamnyang'anya ufunguo wa nyumba ya vioo mpaka wamalize kuuliza, na miche yake ikamwagiliwa na mtu mwingine.

"Nimeandika maelezo," akasema, "kurasa na kurasa, kueleza jani la mpakani."

"Uliwaambia ni nini?"

"Niliwaambia ni desturi ya kwetu ya kuomba msamaha."

"Wakasemaje?"

"Wakauliza nani kamkosea nani."

"Ukawajibu nini?"

Laini ilikuwa safi siku hiyo, kwa bahati mbaya. Nilisikia kila neno.

"Nikawajibu sijui," akasema.

Rafiki yangu mwenye duka alijifanya anapanga sabuni. Nami nikafanya ninachokijua.

"Kwa hiyo umelipokea."

"Sijalipokea. Nimeonyeshwa picha."

"Picha ya isale ni isale."

"Bwana wee!"

"Mama amesema likifika kwa wenyeji, limefika."

"Wenyeji wamelichoma!"

"Hilo kwetu halijawahi kutokea. Hakuna sheria yake. Itabidi wazee wakae."

Akacheka. Ilimtoka bila kutaka, kama kikohozi, kisha nami ikanitoka, tukacheka wote wawili kwa simu ya gharama bila kusema neno. Sikuwa nimecheka naye kwa muda mrefu hivyo. Alipotulia akasema, "Nitakuja Desemba. Tuongee uso kwa uso. Usitume kitu kingine."

Desemba mlima wetu unajaa. Wote waliotawanyika nchi nzima wanarudi, magari yanapandana kwenye barabara za vumbi, kila kihamba kina moshi wa nyama. Miaka mingine nilikuwa nakaa kwenye shughuli hizo nikishika sahani yangu kama mgeni aliyekosea nyumba. Mwaka ule nilipanda na mke wangu pembeni. Alikuwa amekonda. Alimwinamia mama yangu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mkwe wangu. Karibu. Nyanya zimepona?"

"Zimepona, mama. Zile za kule."

"Kumbe umemaliza." Mama akampakulia kiburu cha ndizi na maharage, sahani imejaa mpaka ukingoni. "Kula sasa. Ulaya hawakulishi."

Mke wangu akaniangalia, nami nikaangalia kiburu. Ilikuwa kweli, basi. Ile miche ya mwisho ilikuwa imekataa kirusi cha huku kwetu, mama na watoto na wajukuu. Alikuwa hajaniambia kwenye simu.

Siku mbili baadaye tulishuka kwenye kipande changu cha tambarare. Nilikuwa nimepanda tena, na rasta ilikuwa imerudi. Akapita mstari kwa mstari, anageuza majani, anaangalia chini yake, polepole. Nilimfuata nyuma nikiangalia mgongo wake.

"Hungeweza kuja na mbegu moja?" nikamwuliza. "Moja tu. Kwenye mfuko wa koti. Holili hawaangalii."

"Mimi naangalia."

"Nyanya zimepona, unasema, halafu zangu zinakufa."

"Huku bado hakuna sheria ya mimea ya namna ile. Hakuna nyumba ya kuipandia mpaka ijulikane haina madhara. Nikirudi kituoni kwetu nitakuta darubini yangu haina taa, kama nilivyoiacha. Nimewaandikia. Wamenijibu 'karibu sana', basi." Akakaa kwenye ukingo wa mfereji, akavua viatu, akatia miguu majini. "Kule wamenipa kazi. Ya kudumu. Kuna kirusi cha mihogo wanataka nianze nacho."

"Mapatano yalikuwa mmea ukikataa, unarudi."

"Najua yalivyokuwa." Akanisogezea nafasi. "Njoo wewe."

Sikuwa nimefikiria hilo hata siku moja. Katika mahesabu yangu yote, niliyoyarudia mara mbili, mtu wa kusafiri alikuwa yeye.

"Nitauza nini huko?"

"Sijui. Si lazima uuze."

"Nitakaa tu ndani?"

Sidhani hata yeye aliweza kuniona ndani ya hiyo picha: mimi, dirishani, nasubiri mke atoke kwenye nyumba ya vioo, sina hata mtu wa kunitukana.

Tulipopanda tena Kibosho kuaga, mama alinivuta nyuma ya banda la ng'ombe. Alikuwa na jani la isale mkononi, limeshafungwa fundo.

"Safari hii mpe mkononi mwake," akasema. "Mbele yangu. Hakuna wa kulichoma."

Nililichukua. Nilitembea nalo kuzunguka nyumba, na kila hatua nilijua kwamba naweza. Yeye ni mtoto wa mlima huu. Digrii zote zile zisingemsaidia. Angelipokea, angekaa, na kila asubuhi angekwenda kituoni kuwasha darubini isiyo na taa. Alikuwa kwenye kibaraza anafunga begi. Aliona mkono wangu ulipo, nyuma ya mgongo. Macho yake yalitulia pale. Hakusogea. Alisubiri, mikono yake yote miwili ikiwa imelala juu ya begi, mitupu.

"Unataka nibaki?" akauliza. "Sema tu."

Nilikuwa na maneno. Mimi siku zote nina maneno. Nikasema, "Gari la uwanja wa ndege halingoji," nikalichomeka lile jani kwenye paa la banda la kuku, nikabeba begi lake. Mama aliingia ndani akafunga mlango, hakutuaga.

Kwenye geti la uwanja wa ndege alinishika kola, akainyoosha, ingawa ilikuwa imenyooka.

"Ungenipa, ningelipokea," akasema.

"Najua."

"Nakushukuru." Kisha, kwa sauti ndogo zaidi: "Na nimekukasirikia."

Kesho yake nilifungua meza yangu sokoni kama kawaida. Mama wa vitunguu alikuwa ameshapanga mafungu yake. Nilimwona akijaza pumzi kwa ajili ya utani wa asubuhi, kisha akaniangalia vizuri, pumzi ikashuka.

"Shemeji karudi kazini?" akauliza, kwa sauti ya kawaida ya binadamu, ambayo sikujua kama anayo.

"Karudi."

Akanisogezea kigoda chake upande wangu. Nilitaka sana anitanie. Nilikaa, nikaanza kupanga nyanya, nzuri juu, zilizobonyea chini, na mteja wa kwanza alipofika akataja bei ya kijinga kabisa, nikamwambia sawa, chukua.